Uliza Fundi: Mini ya babu na rimu 13

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Arusha, nina gari aina ya Mini 1000 ya mwaka 1977 aliniachia babu, bado ina rimu zake za inchi 10. Shida yangu ni mbili, nikiingia barabara ya vumbi inakwaruza chini, halafu matairi ya 10 kuyapata siku hizi ni shughuli pevu. Fundi wangu wa mtaani kasema tuweke rimu za inchi 13 za Toyota Starlet, kajaribisha moja mbele imeingia vizuri tu, sasa anataka akate madigadi kidogo ili tairi isiguse. Mi naona poa maana gari itanyanyuka na itapendeza pia. Unanishauri vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitunza. Kwanza mwambie fundi aweke grainda chini, asikate kitu. Bati la Mini likishakatwa ndo basi tena, na hilo analotaka kukata halitakupa unachokitafuta.

Tuanze na hizo rimu za Starlet. Matundu manne ya rimu ya Starlet yamepangwa kwenye duara la milimita 100, ya Mini ni milimita 101.6, yani inchi 4 kamili. Sasa utauliza mbona iliingia. Iliingia kwa sababu stadi za Mini (zile bolti za kufungia tairi) ni nyembamba, ni za inchi 3/8 ambayo ni kama milimita 9.5, na tundu la rimu ya Toyota limetobolewa kwa ajili ya stadi ya milimita 12, kwa hiyo pana nafasi ya kutosha na rimu inapita bila kulalamika, lakini kupita siyo kukaa. Fanya hivi uone mwenyewe: piga jeki, vaa hiyo rimu, kaza nati moja kwa mkono mpaka koni yake izame vizuri kwenye tundu, halafu chungulia tundu la upande wa pili, utakuta stadi haipo katikati, imeegemea ukuta. Hiyo nati ya pili ukiikaza kwa spana itaonekana imekaza kumbe koni imeshika upande mmoja tu na stadi imevutwa. Ukitembea nayo kwenye rasta na matuta ya barabara zetu nati inaanza kulegea yenyewe au stadi inachoka mpaka inakatika, na tairi ya mbele ya Mini ndo inayovuta gari na ndo inayokata kona, ikichomoka uko spidi 80 sitaki hata kufikiria. Halafu hizo rimu za Starlet zimeingia ndani sana kuliko za Mini, inabidi uweke speisa (bamba la kusogeza rimu nje), na speisa juu ya stadi fupi nyembamba ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Achana nazo kabisa hata ukipewa bure.

Sasa hili la gari kunyanyuka, hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Tairi yako ya asili ni 145/80R10, yani upana milimita 145, ukuta asilimia 80 ya upana huo, rimu inchi 10, ukichukua rimu yake milimita 254 ukaongeza ukuta wa tairi juu na chini unapata kimo cha kama milimita 486. Tairi ambayo kiwanda chenyewe kiliweka kwenye Mini za rimu 13 ni 175/50R13, piga hesabu unapata 505. Tofauti ni milimita 19, na gari inanyanyuka nusu yake tu maana nusu nyingine ipo juu ya ekseli, kwa hiyo umekata bodi ya babu kwa ajili ya sentimita moja! Na ukiweka rimu 12 yenye tairi 165/60R12 unapata 503, yani 12 na 13 kwa kimo ni kitu kimoja, kilichobadilika ni kwamba 13 ina chuma kingi na mpira kidogo, na kwa mashimo yetu mi nataka mpira.

Ndo maana ushauri wangu ni rimu 12 za Mini yenyewe. Mhandisi Issigonis alipoibuni Mini iliyotoka 1959 alitaka tairi ndogo makusudi ili zisile nafasi ya abiria, Dunlop wakamtengenezea tairi ya inchi 10. Baadaye Mini ya toleo la 1275GT ikapewa 12 mwaka 1974, na 1984 Mini zote zikahamia 12 pamoja na breki za diski mbele. Zile 13 zilikuja miaka ya 90 kwenye Mini za Sportspack, nazo zilivalishwa madigadi mapana ya kiwandani, hazikuachwa hivi hivi. Yako ina breki za ngoma mbele, rimu 12 inaingia juu yake, ila ukishavaa zungusha stelingi mpaka mwisho kushoto na kulia uhakikishe haigusi popote, kisha pakia watu wanne urudie. Na ujue spidomita itakudanganya kidogo, ikisema 80 we uko 83 hivi, na milimani gari itakuwa nzito kidogo maana injini ni ile ile.

Halafu hapa nataka unisikilize sana. Mini yako haikwaruzi kwa sababu ya rimu, inakwaruza kwa sababu imelala. Mini haina springi za chuma, ina koni za mpira alizobuni mhandisi Alex Moulton, moja kila tairi, na mpira wa tangu 1977 umeshasinyaa. Chukua futi, pima kutoka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa digadi, pande zote nne, andika. Badilisha koni zote nne (usibadilishe mbili ukaacha mbili) uendeshe wiki kadhaa zikae sawa kisha pima tena, hapo utaona gari ilivyopanda kuliko rimu yoyote ambayo ungenunua. Na kwenye Mini giaboksi ipo ndani ya sampu (lile karai la oili chini ya injini), oili ni moja ya injini na gia, kwa hiyo jiwe moja likipasua pale umeua vyote viwili. Mchomeleaji mzuri akutengenezee bamba la kulinda sampu, lisizibe bolti ya kumwagia oili.

Na najua utaonyeshwa tairi za Kirikuu (vile vigari vidogo vya mzigo), 145/80R12, zimejaa kila mahali. Kimo chake ni kama 537, sentimita tano zaidi ya tairi yako ya asili, Mini haina nafasi hiyo. Tena ni tairi za kubebea mzigo, ngumu, ukiziweka kwenye gari ya kilo 620 hivi mgongo wako utajuta.

SWALI: Kaka habari, nipo Birmingham, Mini yangu ya 1991 ina 12, nataka 13 kwa muonekano tu. Barabara huku nzuri.

JIBU: Salama kabisa. Huko ni hiari yako, ila nunua na madigadi yake ya Sportspack, na ujue inakuwa ngumu zaidi kukata kona kwenye parking. Wajulishe watu wa bima kabla hujafunga, huko gari iliyobadilishwa bila wao kujua inaweza kukukosesha malipo siku ya ajali.

SWALI: Fundi, Beetle ya 1970, Dar. Rimu 17 zitaniinulia gari?

JIBU: Hapana ndugu yangu, zitaishusha. Tairi yako ya 165/80R15 ina kimo cha 645, ukiweka 205/40R17 kama wanavyoweka vijana unapata 596, gari inashuka sentimita mbili na nusu na injini inalia zaidi kwenye spidi ile ile. Baki na 15, weka tairi mpya, na Beetle yako ya 1970 ni ya stadi nne kwenye duara la milimita 130 kwa hiyo usikubali kuuziwa rimu za zile za zamani zenye matundu matano.