Kabla Hujazikubali Kilowati za Mvuke

Ukipewa kazi ya kukagua mtambo unaodaiwa kutoa nishati nyingi kuliko inayoingia, nadharia ya kilichomo ndani iache kwanza. Anza na kinachotoka kwenye mpira wa kutolea mvuke. Mwaka 2011 mvumbuzi Andrea Rossi alipoonyesha mjini Bologna, Italia, mtambo wake wa E-Cat, aliodai unatoa joto jingi kuliko umeme unaoingia, watu walibishana sana kuhusu nikeli na haidrojeni alizosema ndizo chanzo cha joto hilo, ilhali swali zito lilikuwa jingine: kati ya maji yaliyoingia, ni kiasi gani kiligeuka mvuke kweli?

Hesabu nzima inaning'inia hapo. Kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 314. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunadai kilojuli 2,257 zaidi. Tuseme pampu inaingiza kilo 7 kwa saa. Yakivukizwa yote, umepata kilowati 5. Yakitoka maji ya moto tu, hazifiki hata moja, ni 0.6. Kipimajoto hakiwezi kukuamulia, maana maji yanayochemka na mvuke wake vina halijoto moja. Akitokea wa kusema "sisi tulisoma nyuzi 101, basi mvuke ni mkavu, hauna matone ya maji", mwulize presha ya ndani. Ikizidi ya nje kwa takriban asilimia 4 tu, maji huchemkia hizo hizo 101.

Kipima unyevu wa hewa nacho, ambacho kilitumika kutetea ukavu wa mvuke wa Bologna, hakifai kwa kazi hii: husoma gesi, hakihesabu matone. Na ukiambiwa mvuke una maji asilimia 1, usiandike kitu kabla hujajua ni asilimia ya ujazo au ya uzito. Kwa nyuzi 100 maji ni mazito kuliko mvuke mara 1,600 hivi, kwa hiyo asilimia 1 ya ujazo ni asilimia 94 ya uzito! Karibu chote kilichopita kilikuwa maji, na kilowati zinaporomoka.

Tazama pia mdomo wa mpira. Kilo 7 kwa saa zikiwa mvuke mtupu ni zaidi ya lita 3 kila sekunde. Kwenye mpira wenye tundu la sentimita 1.5, mwendo ni kama mita 18 kwa sekunde. Mvuke unaotoka kivivu hauendani na dai hilo.

Kipimo ninachokiamini ni ndoo. Weka kilo 20 za maji ya nyuzi 20, zamisha mpira dakika 5, koroga, pima joto, kisha pima uzito ulioongezeka; usikubali namba iliyoandikwa kwenye pampu. Mvuke mkavu utapandisha joto kwa nyuzi 17 hivi. Maji ya moto matupu, kama 2. Halafu rudia yote kwa hita ya kawaida ambayo umeme wake umeupima mwenyewe, ndoo ile ile, mpira ule ule. Hapo ndoo isipotoa jibu sahihi, kasoro iko kwenye kipimo chako, na matokeo ya mtambo hayana pa kusimama.