Kabla hujapakua njia ya mtu, uliza maji yako wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha ameniandikia: "Dada, shikamoo. Septemba nakuja Montpellier, Ufaransa, kusoma, na nakuja na baiskeli yangu ya graveli, ile ya njia za changarawe. Nimeona picha zako za milima ya Cévennes. Naomba unitumie faili ya njia uliyopita niiweke kwenye GPS."

Marahaba, mdogo wangu. Faili utaipata. Ila kwanza nisikilize, kwa sababu mimi pia niliwahi kuomba faili ya watu nikapewa, na nusura inimalize.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha waendesha baiskeli wa hapa mjini, wanaume saba na mimi. Walinipa njia yao ya siku moja: kutoka mji wa Florac, kupanda uwanda wa juu wa Causse Méjean, kushuka mji wa Meyrueis. Kwenye skrini ulikuwa mstari mzuri wa zambarau. Nikauamini kama watu wengi mnavyoiamini mistari hiyo.

Florac imekaa bondeni, mita 500 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya D16 unapanda ukuta wa mwamba hadi ukatokee juu kwenye uwanda wa mita 1,000. Baiskeli yangu wakati ule ilikuwa na meno 42 mbele na 34 nyuma, gia za mtu wa tambarare. Nilifika juu wa mwisho, mapaja yanawaka moto. Walinisubiri. Mara ya pili hawakusubiri.

Na hapo juu ndipo pana uzuri wa ajabu. Nimezaliwa Moshi, nimelelewa na kivuli cha migomba, lakini nilipouona ule uwanda wa nyasi kavu usio na mti nilikumbuka njia ya kwenda Longido. Kondoo ni wengi kuliko watu. Vijia vya mawe meupe vinakwenda mpaka upeo wa macho. Lozère, wilaya ulipo uwanda huo, ndiyo yenye watu wachache kuliko zote za Ufaransa bara, kama 77,000 tu, na ukiwa juu ya causse unaamini. Unaweza kupiga pedeli saa nzima usikutane na mtu.

Sikukutana na mtu. Mbele kidogo ya kijiji cha Hures jiwe lilichana tairi la nyuma ubavuni. Zilikuwa tairi za milimita 35 zenye tyubu, na nilikuwa na tyubu moja ya akiba. Nikabadilisha, nikaenda dakika ishirini, likapasuka tena palepale. Chupa zangu mbili za maji zilikuwa zimekwisha kabla ya saa saba mchana. Simu haikuwa na mtandao. Nikaanza kusukuma baiskeli juani. Nikafika kwenye lavogne, lile bwawa la mviringo lililosakafiwa kwa mawe ili kondoo wanywe. Nilichuchumaa pale nikayatazama yale maji ya kijani muda mrefu sana. Sikunywa, ila nilikuwa nimeshayateka kiganjani.

Aliyenikuta ni mama mmoja mfugaji, mtu mzima wa umri wa bibi yangu, na gari lake la nyasi. Hakuuliza maswali. Alinipeleka kwake, nyumba ya mawe matupu, hata dari ni la mawe yaliyopindwa kama tao. Aliniambia wazee wao walijenga hivyo kwa kuwa mbao hazikuwepo. Nikanywa jagi zima. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuna aliyenieleza kwenye kile kikundi: causse ni chokaa tupu, mvua ikinyesha inapenya kwenye nyufa na kuzama. Hakuna kijito wala chemchemi juu. Baadaye nilikwenda kuliona pango la Aven Armand, lililogunduliwa mwaka 1897 chini ya uwanda huohuo, lina nguzo za mawe zaidi ya 400 zilizojengwa na matone. Niliposimama mle ndani, maji yananidondokea kichwani, nilitaka kulia. Maji niliyoyatafuta yalikuwa yamepita chini ya magurudumu yangu.

Jioni wenzangu waliandika: "Tulidhani umerudi." Sentensi hiyo moja. Mwaka umepita, na bado nikiwaona sokoni Jumamosi moyo unapiga.

Basi mwaka huu, mwanzoni mwa Juni, nimerudi peke yangu. Siku tatu. Nimemaliza, na ninajivunia bila kujificha.

Safari hii sikuanza na mstari. Nilitandaza ramani za karatasi za IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, zile za 1:25,000, mezani jikoni, nikatafuta maji kwanza. Kila kijiji chenye makaburi nilikitia alama, kwa sababu makaburi ya Ufaransa karibu yote yana bomba, la kumwagilia maua. Ukiona kibao "eau non potable", yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe. Vinginevyo jaza. Nikabeba lita tatu kwa ajili ya causse, si chupa mbili. Nikafunga tairi za milimita 45 zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba ndani, na gia za meno 38 mbele na 42 nyuma. D16 nilipanda nimekaa, napumua kwa pua.

Siku ya pili ndiyo niliyoipenda kupita zote. Kutoka Meyrueis unapanda Mont Aigoual, mita 1,567, kwa njia za misitu za changarawe laini, kivuli mwanzo hadi karibu na kilele. Msitu huo ulipandwa na watu. Mlima ulikuwa umevuliwa nguo na malisho na ukataji, mafuriko yakawa yanabeba udongo, mpaka bwana misitu Georges Fabre alipoanza kuuotesha upya mwaka 1875. Ndiye pia aliyejenga kituo cha hali ya hewa pale juu, kikakamilika 1894. Nilipofika kilele upepo ulikuwa unaning'oa, na ukungu umefunga kila kitu, lakini nilikuwa nimefika, kwa miguu yangu na kwa ramani yangu.

Siku ya tatu ni Mont Lozère: graniti badala ya chokaa, na hapo vijito viko kila mahali. Kwenye uwanda wa Cham des Bondons kuna mawe ya kusimikwa kama 150, baadhi yanakuzidi kimo. Ukishuka kijiji cha Le Pont-de-Montvert unakunywa kahawa kando ya mto Tarn. Nilikunywa mbili.

Sasa nasema na nyote mnaoniandikia. Acheni kuomba mstari. Mstari wa mtu una mapaja ya mtu, gia za mtu na kiu ya mtu. Jifunzeni kusoma mwamba: chokaa haina maji na inakata tairi, graniti ina maji. Bebeni maji. Nimesema na narudia, bebeni maji. Na ukiona mwenzako anabaki nyuma, simama. Kilima hakihami.

Kwako mdogo wangu, Septemba ina mambo yake. Msimu wa uwindaji unaanza, vaa fulana ya rangi ya chungwa. Maduka ya vijijini hufungwa saa sita hadi saa nane mchana, na mikate mara nyingi huipati Jumatatu. Lango la malisho ukilifungua, lifunge. Ukikutana na mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo, shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea taratibu bila kupiga kelele. Na utabiri ukitaja mvua kubwa kutoka baharini, baki mjini: hewa ya joto ya Mediterania ikigonga ile milima, mito hujaa kwa saa chache.

Faili nimekutumia leo asubuhi. Mabomba yote nimeyatia alama ya bluu, pamoja na yale ya makaburini. Nyumba ya yule mama sijaiweka, lakini nilipita kwake mwezi Juni na kilo moja ya kahawa ya Kilimanjaro, akaichemsha palepale.