Presha ya maji hupanda usiku

SWALI: Ninaishi Columbus, Marekani. Geji ya presha niliyoifunga kwenye bomba la nje husoma psi 60 (pauni kwa inchi ya mraba) mchana, lakini usiku, hita ya maji inapowaka, hupanda hadi 130. Je, hita imeharibika?

JIBU: Yaelekea hita ni nzima. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 2, na ikiwa kwenye mita kuna valvu isiyoruhusu maji kurudi mtaani, ujazo huo wa ziada hukosa pa kwenda. Hita ikiwa inawaka, fungua bomba kidogo: mshale ukishuka papo hapo hadi 60, chanzo ni hicho. Mwite fundi afunge tangi la upanuzi, yaani tangi dogo lenye hewa la kupokea maji ya ziada, kwenye bomba la maji baridi, baada ya kulijaza upepo wa psi 60. Valvu ya usalama ya hita ikidondosha maji, tafadhali usiizibe kamwe, kwani ndiyo inayozuia tangi la hita lisipasuke.