Mchezo wangu ulikuwa na upendeleo, mtoto akaniumbua

Juzi msomaji kaniandikia: “Kaka, mchezo wangu wa vitufe viwili unafanya kazi, ila aliyekaa kushoto anashinda karibu kila mara. Nyaya nimezikagua, ziko sawa. Nimekosea wapi?” Nikacheka. Halafu nikakumbuka yaliyonikuta mimi, kicheko kikakatika.

Mchezo wenyewe unaujua: Arduino Uno (ubao mdogo wa kompyuta unaoupangia kazi mwenyewe), vitufe viwili, taa moja ya LED. Taa ikiwaka, wa kwanza kubonyeza ndiye mshindi. Niliumaliza kwa jioni moja, nikaupeleka kifua mbele mbele ya ndugu zangu. Mpwa wangu wa miaka tisa akamfunga baba yake, akanifunga na mimi. Nikamsifu kwa wepesi wa mkono. Akanijibu mbele ya watu wote: “Mjomba, mimi siangalii taa. Nahesabu tu.”

Muda wa kungoja taa iwake niliuchagua kwa random(), amri ya kutoa namba za kubahatisha. Kumbe isipopewa mbegu, yaani namba ya kuanzia, huanza na mfuatano uleule wa namba kila ubao unapowashwa. Mtoto alishakariri: fupi, ndefu, ndefu, fupi. Shemeji yangu bado ananitania hadi leo, na sijapenda.

Dawa yake ni ndogo. Weka kitufe cha kuanzisha mchezo, kikibonyezwa chukua micros(), saa ya ndani ya ubao, ya wakati huo uifanye mbegu. Kwenye Uno saa hiyo huenda kwa hatua za maikrosekunde 4, hakuna binadamu wa kuirudia. Kisha mbahatishaji umfungie mlango: anayebonyeza kabla ya taa, au ndani ya milisekunde 100 tangu iwake, kapoteza raundi. Wanariadha wa mbio fupi nao hupimwa kwa mpaka huohuo.

Sasa wewe uliyeniandikia kuhusu wa kushoto. Bila kuona msimbo wako naweka dau kwamba umeweka delay(50), amri ya kusubiri, ndani ya loop, sehemu ya msimbo inayojirudia. Ubao ukilala milisekunde 50, wachezaji wote wawili wanaweza kubonyeza humo. Ukiamka unakuta vitufe vyote viko chini, unasoma if ya kwanza (sharti la kwanza kwenye msimbo), unamtangaza wa kushoto. Wa kulia hata angetangulia hasikilizwi! Toa delay. Peleka vitufe kwenye pini 2 na 3, zenye interapti (zinazoukatiza ubao papo hapo kitufe kikibonyezwa), kila kimoja kiandike micros() yake, kisha ulinganishe. Vigeu vinavyotunza nyakati hizo viwe volatile, neno linaloambia ubao kwamba thamani yake inaweza kubadilika wakati wowote, usisahau. Na kitufe kikiachiwa hurukaruka kidogo, kwa hiyo subiri kitulie kabla ya raundi mpya, la sivyo utamwadhibu mtu kwa kosa la raundi iliyopita.

Nanyi mnaokimbilia skrini, spika na kasha la kupendeza huku hukumu yenyewe imepinda, acheni. Haki kwanza, mapambo baadaye. Nasema kwa sababu kasha langu lilikuwa zuri kweli.

Jumapili nilimwita mpwa wangu tena. Tukacheza raundi tatu, akashinda mbili. Safari hii macho yalikuwa kwenye taa.