Shangazi, rafiki yangu anataka kunichoma sindano ya homoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 41, mke na mtoto mmoja wa miaka 6. Tangu mwaka jana hamu ya tendo la ndoa imenipungua, nachoka ovyo na kitambi kinazidi. Nilipima testosteroni, ile homoni ya kiume, saa kumi jioni nikitoka safari, ikasoma nanogramu 240 kwa desilita. Rafiki yangu wa kunyanyua vyuma ana sindano anazosema zitanirudishia ujana ndani ya mwezi. Mke wangu anataka mtoto wa pili, na sasa anahisi nina mwanamke njiani. Nichome? Baba wa Mmoja, Tunduma.*

Marahaba, mwanangu. Usichome, na sababu umeiandika mwenyewe pale ulipomtaja mtoto wa pili.

Korodani hazijiendeshi zenyewe, bali hufuata amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Testosteroni ya sindano inapoingia katika damu, tezi hiyo huona kwamba homoni imeshatosha na huacha kutuma amri, hivyo korodani hulala, hunywea, na mbegu za kiume hupungua hata pengine kwisha kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisimamia majaribio, yaliyochapishwa mwaka 1990 na 1996, ambamo wanaume walichomwa testosteroni kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango, na wengi wao mbegu ziliisha. Rafiki yako, pasipo kujua, anakuuzia dawa ya kuzuia mimba. Ukiacha sindano mbegu kwa kawaida hurudi, lakini huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Tena hatujui bado kama wewe ni mgonjwa wa homoni. Ni kweli kwamba wataalamu wa mfumo wa mkojo wa Marekani huhesabu kiwango kilicho chini ya 300 kuwa pungufu, lakini wao hao wanataka kipimo kichukuliwe asubuhi na mapema, kwa siku mbili tofauti, kwa kuwa testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri jua linavyokwenda. Wewe ulipima jioni, mwili ukiwa umetoka kukesha kwenye usukani. Usingizi si jambo dogo hapa: huko Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vijana wa kiume wenye afya waliolala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, testosteroni yao ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Basi lala vizuri siku mbili tatu nyumbani, kisha nenda hospitali kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla hujanywa chai. Mweleze daktari mapema kwamba unatafuta mtoto, na umwombe akupime pia sukari na shinikizo la damu, maana mara nyingi jogoo hushindwa kuwika kwa sababu ya mishipa ya damu iliyoharibika wala si kwa homoni. Kama unakoroma hadi mke anakuamsha, litaje hilo bila aibu.

Ikithibitika kwamba homoni ni pungufu kweli, atapima homoni za ile tezi ajue kasoro iko wapi. Kwa mwanamume anayetaka mtoto, madaktari wanaweza kutumia klomifeni, dawa inayofahamika zaidi kwa akina mama wanaotafuta mimba, ambayo huichochea tezi iamrishe korodani zifanye kazi. Testosteroni yenyewe, ya sindano au ya kupaka, hubaki kwa wasiotafuta mtoto, na hata hao hupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyo huweza kuifanya damu iwe nzito kupita kiasi. Kwenye chumba cha mazoezi hakuna wa kukupima.

Kuhusu chakula, najua utaambiwa habari za supu ya pweza, karanga mbichi, muhogo mbichi na nazi. Vile ni vyakula tu, havina ubaya, ila sijaona ushahidi kwamba vinapandisha homoni. Kinachoweza kukushusha wewe ni kitambi, kwa kuwa mafuta ya mwili huigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Chipsi mayai za saa sita usiku na soda mbili za kukufungua macho zipungue. Chukua samaki au dagaa, maharage, mboga na kipande cha ugali badala ya mlima, na bia usiifanye dawa ya usingizi. Mwanamume mnene akipunguza uzito, testosteroni hupanda yenyewe, ingawa si kwa mwezi mmoja. Unga wa kuongeza nguvu unaouzwa stendi usiuguse: baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali, ambazo kwa mtu anayetumia dawa fulani za moyo huweza kuua.

Limebaki la mke wako, ambalo kwangu ndilo la haraka zaidi. Wewe umenyamaza kwa aibu, naye amelijaza pengo hilo kwa mwanamke asiyekuwepo. Kabla hujawasha lori tena, mwonyeshe karatasi ya maabara, umwambie ulichoniambia mimi, kisha mwende hospitali wote wawili, kwani mtoto akichelewa, mke wako pia atahitaji kupimwa.