Kabla Hujaagiza Pikipiki ya Sura ya Kizamani Kutoka Ng'ambo

Nilipokuwa mwanafunzi nchini Japani nilipanga chumba karibu na karakana ndogo ya pikipiki, na kila asubuhi nilimwona mzee mmoja akiitoa nje Yamaha SR400 yake, akainama kidogo upande wa injini kana kwamba anaiamkia, kisha akaipiga kiki mara moja tu ikawaka. Baada ya miezi kadhaa nilijikuta nikichelewa darasani kwa sababu ya tukio hilo lisilochukua hata dakika mbili. Leo SR400 yangu iko uani kwangu Dar es Salaam, na kwa kuwa vijana wanaoiona barabarani huniuliza mara kwa mara namna ya kuagiza kama hiyo, nimeona niandike yale ambayo mimi mwenyewe sikuambiwa na mtu.

Kwanza nikiri kwamba mvuto wake ni wa kweli. Taa ni ya duara, kiti kimenyooka, rimu ni za spoki, na injini ya silinda moja inayopozwa na upepo haikufichwa nyuma ya plastiki yoyote. Ilianza kuuzwa mwaka 1978 ikiwa na nguvu ya farasi 27 na ikaendelea hadi 2021, na katika muda wote huo haikuwekewa starta ya umeme. Kuiwasha ni kazi yenye utaratibu. Unavuta kishikio kidogo cha upande wa kushoto kinachoachia hewa iliyobanwa ndani ya silinda, unasukuma kiki polepole huku ukitazama kidirisha cha kioo kilicho kwenye hedi, na alama ikijitokeza pale ndipo unapojua kwamba pistoni imefika mahali panapotakiwa. Hapo unaachia kishikio, unairudisha kiki juu, kisha unaikanyaga hadi mwisho bila kuzungusha mkono wa mafuta. Ukifuata utaratibu, inawaka. Ukiwa na haraka, itakutoa jasho mbele za watu, na mimi imenitoa jasho mbele ya kituo kizima cha daladala.

Lakini sehemu nyingine ya mvuto haikuwa ndani ya pikipiki yenyewe. Ilitokana na kujua kwamba kwetu haipo. Kwa miaka mingi SR400 ilikuwa ya soko la Japani, na hata ilipopelekwa Ulaya na Marekani katikati ya muongo uliopita haikudumu huko. Kitu kisichopatikana hupandishwa thamani na macho yetu wenyewe, na muuzaji anayekutumia picha kutoka ng'ambo analijua hilo vizuri kuliko wewe. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu bei wala rangi: jiulize kwa nini pikipiki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ile, na kwa nini kwa ukubwa ule.

Chukua hiyo SR400. Ujazo wa injini yake ni cc 399, na namba hiyo haikuchaguliwa kwa sababu injini ya silinda moja hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa hivyo. Ndugu yake, SR500, aliuzwa pia katika masoko ya nje, na silinda zao zina kipenyo kilekile cha milimita 87. Kilichopunguzwa ni urefu wa safari ya pistoni. Sababu ni kwamba leseni ya kawaida ya pikipiki nchini Japani huishia cc 400, na hadi mwaka 1996 leseni ya pikipiki kubwa haikufundishwa katika shule za udereva, bali mtu alilazimika kwenda kufanya mtihani mgumu wa serikali ambao wengi walianguka. Aliyetaka pikipiki kubwa kiasi, bila kupitia mateso hayo, alinunua ya cc 400. Waliotaka kukwepa pia ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili walishuka chini ya cc 250, na kwao Kawasaki waliunda Estrella, pikipiki nyingine nzuri ya sura ya kizamani iliyotoka mwaka 1992.

India nako ni vivyo hivyo. Pikipiki inayozidi cc 350 hutozwa kodi kubwa zaidi kule, kwa hiyo usishangae kwamba Classic ya kampuni ya Kihindi ya Royal Enfield ina cc 349, au kwamba Honda walipoingia katika ushindani huo mwaka 2020 kwa pikipiki yao ya H'ness CB350, waliipa cc 348. Mwaka uliofuata injini hiyohiyo iliuzwa Japani kwa jina la GB350, kwa kuwa mle ndani ya mipaka ya leseni ya Kijapani nayo inatosha bila taabu. Unaweza kusema kwamba nusu ya usanifu wa pikipiki hizi ulifanywa na watunga sheria.

Sisi hatumo katika sheria hizo. Kwa mwendesha pikipiki wa Nagoya, SR400 ni uamuzi wa busara: leseni inairuhusu, vipuri vinapatikana, barabara ni laini. Mimi ninayekwenda Kariakoo na kurudi nimenunua uzito wa kilo zinazokaribia 170, unywaji wa mafuta unaopita ule wa Boxer ya jirani yangu, na kutegemea vipuri vinavyosafiri kwa ndege au meli, bila kupata hata moja ya faida zile. Sijuti. Lakini ningependa kuyajua hayo kabla ya kulipa badala ya baada.

Ukishaamua kwamba unaitaka hata hivyo, jambo la kulisimamia ni mwaka na msimbo wa chesisi, wala si jina la pikipiki. Jina SR400 linabeba miaka zaidi ya 40 ya mabadiliko madogo madogo. Mwaka 1985, kwa mfano, Yamaha waliondoa breki ya diski ya mbele na kurudisha ya dramu ili ionekane ya kizamani zaidi, kisha diski ikarudi mwaka 2001. Ya kuanzia hapo hadi 2008 hutambulika kwa msimbo RH01J na ina kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa. Iliyofuata, RH03J, hupulizia mafuta kwa mfumo wa kielektroniki. Mimi nilichagua yenye kabureta kwa sababu fundi wetu yeyote anaweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga bila kompyuta. Hata hivyo, nilipoagiza mipira na jeti za kabureta kwa kutaja jina tu, nililetewa za toleo la zamani, nazo hazikuingia. Ziko kabatini hadi leo.

Kuhusu makaratasi sina mengi ya kusema. Hakikisha muuzaji anakupa cheti halisi cha kufutiwa usajili kule ilikotoka, na upate wakala wa forodha aliyewahi kutoa pikipiki bandarini, si magari peke yake. Pikipiki za soko la Japani zina namba fupi ya chesisi badala ya ile ndefu ya tarakimu na herufi 17, jambo linalosumbua katika nchi nyingine, lakini kwetu tuliojaza barabara kwa magari yaliyotumika Japani namba ya namna hiyo si kitu kigeni. Na kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi, taa ya mbele inamulika upande unaotakiwa na mita ya mwendo inasoma kilomita. Anayeagiza kutoka Marekani hapati bahati hiyo.

Sasa niseme kuhusu mafundi, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Injini ya SR400 haihifadhi oili chini kama pikipiki zetu za kila siku. Oili yake hukaa ndani ya fremu, na kijiti cha kupimia kiko juu, nyuma ya shingo ya usukani. Tena hupimwa baada ya injini kupata moto. Fundi niliyempelekea, mtu hodari ambaye sitamtaja, alitafuta kijiti pembeni mwa injini alikozoea kukikuta, hakukiona, akafungua nati ya chini, akatoa oili kidogo iliyokuwapo, akahitimisha kwamba nilikuwa nimekaribia kuiua injini. Akajaza. Oili ya zamani ilikuwa bado imo yote ndani ya fremu. Nilifika Mwenge nikiacha moshi na matone nyuma yangu, na suruali ikiwa imelowa hadi gotini. Kosa lilikuwa langu: nilimkabidhi mtu pikipiki asiyowahi kuiona bila kumwambia neno. Tangu siku hiyo nina nakala ya kitabu cha matengenezo iliyochapishwa, kurasa nne muhimu nimezitafsiri kwa Kiswahili, na ninakaa pale karakana mpaka kazi iishe.

Yule mzee wa Japani, nilipomwonyesha picha za nyumbani, hakuvutiwa na bahari wala na nyumba yetu. Alikodolea macho Honda CG125 ya baba mdogo iliyoegemea ukutani. Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976 hasa kwa ajili ya nchi zinazoendelea, baada ya kuona kwamba wateja wa huko walibebesha pikipiki mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha oili. Kwa hiyo wakaacha cheni ya taimingi na kuweka vijiti vinavyosukuma vali kutoka chini, jambo lililokuwa la kizamani hata wakati huo. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zilizobeba bodaboda zetu zimetokana na muundo huo. Mzee aliniuliza, bila utani wowote, kama ningeweza kumpatia moja.

Kwa hiyo, anayetaka sura ya kizamani kwa matumizi ya kila siku, mimi humwelekeza kwanza kwenye CG iliyochakaa, taa ya duara, kiti kipya na fundi mwenye subira. Anayeng'ang'ania SR namwambia aje kwangu Jumapili asubuhi aipige kiki mwenyewe, kwa kuwa wapo walioghairi baada ya jaribio la kumi. Asiyeghairi nampa msimbo wa chesisi wa kutafuta, na ninamsihi aagize pamoja na pikipiki gasketi ya hedi na waya wa klachi wa akiba, maana vya kwangu niliviagiza mwezi wa pili na bado viko njiani.