Akiondoka yeye, chama kitabaki?

SWALI: Nimekitumikia chama changu tangu ujana. Mwenyekiti ndiye mwanzilishi, ndiye sauti, ndiye picha kwenye kadi. Sasa ni mzee. Nikiuliza nani atamrithi, naambiwa namtakia kifo. Nakosea?

JIBU: Hukosei, ndugu yangu, na usinyamaze. Watu wakimfuata mtu kwa mvuto wake, kura ni zake, si za chama, na hazirithishwi kama shamba. Tazama Venezuela. Tarehe 8 Desemba 2012 Rais Hugo Chávez, akiugua saratani, aliketi mbele ya kamera kati ya makamu wake Nicolás Maduro na spika wa bunge Diosdado Cabello, akawaomba wananchi wamchague Maduro. Uamuzi wake, alisema, ulikuwa kamili kama mwezi mpevu. Alifariki Machi 2013. Mwezi uliofuata Maduro alitangazwa mshindi kwa tofauti isiyofika asilimia 2, wakati Chávez alishinda kwa takriban 11 miezi sita tu nyuma. Baraka zilitolewa hadharani, mvuto ukabaki kwa marehemu.

Argentina ilikuwa chungu zaidi. Rais Juan Perón alimfanya mkewe Isabel makamu wa rais. Alipofariki Julai 1974 mama huyo akashika nchi, na Machi 1976 jeshi likampindua. Lakini Uperoni, yaani harakati ya wafuasi wake Perón, haukufa, kwa sababu ulikuwa na vyama vya wafanyakazi vilivyokwisha kuuhifadhi kwa miaka 18 Perón akiwa uhamishoni.

Kwa hiyo acha kuuliza jina. Uliza matawi yenu huchagua viongozi wake yenyewe, au husubiri simu ya mzee?